Ukaguzi wa Kila Asubuhi

"Sikusema umeizima kwa ubaya, Mama. Nimesema umeizima."

"Na mimi nimesema sijaigusa. Unataka niape?"

"Usiape. Niambie tu, jana radi ilipopiga ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Na swichi kuu ya umeme iko wapi?"

Bibi aliugeukia mlango wa jikoni. Swichi kuu ilikuwa jikoni, nyuma ya mlango, usawa wa bega lake. Kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba radi ikipiga, au soketi ikitoa cheche, au hata jirani akiunguza sufuria, bibi huikimbilia na kuishusha. Mdogo wake alikufa kwa moto wa waya. Hilo nalo kila mtu alilijua, ndiyo maana kwa miaka minne hakuna aliyemgombeza.

Leo mkwewe alikuwa anamgombeza, tena mbele ya mteja. Mteja mwenyewe, mwanafunzi wa chuo cha uuguzi kilichokuwa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akisoma orodha ya bei iliyobandikwa ukutani kana kwamba hajawahi kuiona. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Wenzake darasani walimwita Nesi tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa ameshafagia na kupangusa wodi miaka kumi na mitano kabla ya kuruhusiwa kusomea kazi yenyewe.

Sebule ilikuwa ndiyo ofisi. Kochi lilikuwa limesukumwa mpaka dirishani ili kupisha meza ya kompyuta, printa na mashine ya kutolea nakala. Mwenye meza alikuwa na stashahada ya uhazili na vidole ambavyo havikuhitaji macho. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Chapa. Alisema kama alivyochapa, haraka na bila kurudi nyuma.

"Haya, tazama," alisema, akiigeuzia skrini upande wa mama mkwe wake. "Asilimia kumi na nne. Tangu saa mbili na robo iko hapo hapo. Kila asubuhi inajikagua, saa nzima, kwa sababu kila siku kuna mtu anaikata umeme ikiwa kazini. Huyu mama wa watu ana ripoti ya kuandika. Amelala zamu, hajala, amekuja kuangalia asilimia."

"Mimi nimekula," alisema Nesi kwa sauti ndogo.

"Hujala. Nakuona."

Mume alikuwa chini ya meza, sikio limegusa ubavu wa kompyuta. Miaka kumi na moja alikuwa fundi wa kompyuta wa kiwanda, mpaka kiwanda kilipopunguza watu, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nane yuko nyumbani. Alisikia diski ikizunguka, ikikwama, ikigonga. Tik. Kimya. Tik, tik. Aliijua sauti ile. Kiwandani alikuwa akiisikia tu anaandika kwenye fomu: diski ibadilishwe.

"Unasikia nini huko?" mkewe aliuliza.

"Feni," alisema. Akatoka, akajipangusa magoti. "Mama, kompyuta ikikatwa umeme ghafla, ikiwashwa lazima ijikague. Ndivyo zilivyotengenezwa. Usizime tena hiyo swichi."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, neno kwa neno, na bibi aliyapokea kutoka kwa mwanawe kama mtu anayepokea risiti ya kitu ambacho hakununua.

"Sawa, baba," alisema. "Kama na wewe unasema."

Kabla ya saa sita Mama Chapa alikuwa amenunua kufuli. Kisanduku cha swichi kilikuwa na matundu mawili ya kupitishia, na kufuli ilikaa vizuri kama iliyopimwa. Ufunguo aliutia kwenye pochi yake. Bibi alisimama pembeni akikatakata vitunguu, na macho yakimtoka machozi hakuna aliyeuliza ni ya nini.

 

Jumatano mvua ilinyesha kwa ngurumo. Bibi alitoka nje, akakaa kibarazani juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu ameikunja ndani ya kanga, mpaka ikaisha. Watoto walipotoka shule walimkuta ameloa upande mmoja.

"Bibi, mbona uko nje?"

"Ndani kuna umeme."

Alhamisi asubuhi kompyuta iliwashwa, na maandishi meupe yakapanda kwenye skrini nyeusi. Diski inakaguliwa. Mama Chapa alisimama akiyatazama, kikombe mkononi. Akaenda jikoni, akaangalia kufuli. Imefungwa. Akaivuta. Imefungwa kabisa.

"Labda nilipita kwenye tundu la ufunguo," alisema bibi, bila kugeuka kutoka kwenye jiko.

Mama Chapa alirudi sebuleni. "Bwana, leo nani kaizima?"

Zamani alimwita mumewe Fundi, hata wakiwa peke yao. Tangu kiwanda kimwache, jina lile lilikuwa limekauka mdomoni, na sasa alikuwa bwana, au wewe.

"Ni mabaki ya zile siku," alisema mumewe. "Imekatwa umeme mara nyingi. Nitaishughulikia."

"Lini?"

"Leo."

"Na leo yako ina siku ngapi? Maana Nesi anakuja saa tano."

Mama Chapa alipotoka kwenda kununua karatasi, mume alikaa kwenye kiti chake, akaifanyia diski uchunguzi kamili. Majibu yalikuja mstari baada ya mstari. Sehemu mbovu. Sehemu mbovu. Sehemu mbovu. Hakuhitaji kusoma mpaka mwisho. Alijua dawa yake kama mpishi anavyojua chumvi: kunakili kila kitu leo hii, kuzima, kutoa diski, kuweka nyingine. Diski nyingine ilikuwa bei ya viatu vya shule vya watoto wote wawili, na viatu vyenyewe vilikuwa bado dukani.

Angeweza kumwambia mkewe. Alikuwa hata amepanga maneno. Lakini simu yake ililia, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba anapiga kutoka chuo cha uuguzi, ofisi ya utawala, kuhusu maombi yake ya kazi ya fundi wa kompyuta. Wamebaki watu watatu. Usaili utakuwa baada ya wiki tatu, Alhamisi, saa tatu kamili. Aje na vyeti halisi.

"Nitakuja, mama," alisema, akasimama wima kabisa, peke yake sebuleni. "Asante sana, mama."

Akakaa tena. Mtu aliyebaki kati ya watatu hawezi kumwambia mkewe kwamba kompyuta moja ya nyumbani kwake imemshinda. Au anaweza, lakini si leo. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja mfupi. Mstari ule unaiambia kompyuta kwamba ikiwashwa, diski hii isiikague. Haiponyi kitu. Inanyamazisha. Akabonyeza kitufe, akafunga dirisha. Alijiambia ni kwa wiki tatu tu. Mshahara wa kwanza, diski mpya.

 

Ijumaa kompyuta iliwaka kwa dakika moja na nusu.

Mama Chapa aliiwasha, akageuka kumimina chai, aliporudi ikawa inamsubiri. Akaizima, akaiwasha tena kuhakikisha. Dakika moja na nusu.

"Fundi!" aliita.

Mumewe alikuwa chumbani anavaa shati. Alilisikia jina lile, vifungo vikamponyoka.

"Fundi, njoo uone! Umeifanya nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo! Mimi nimehangaika nayo mwezi mzima, wewe kidogo!" Alicheka, akampiga begani kwa rula. Jioni ile majirani wawili waliambiwa, na mwenye duka la nguo akaambiwa kwamba kama ana kompyuta inamsumbua, asitupe hela mjini, yupo mtu hapa.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni. "Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema.

Mama Chapa alimtazama mumewe, kwa sababu lilikuwa swali la kitaalamu.

"Ilikuwa swichi, Mama," alisema mumewe. "Haizimwi tena, ndiyo maana imepona."

Kufuli ikabaki mahali pake.

Kwa wiki tatu kazi ilikwenda. Nesi alikuja kila alipotoka zamu, na karatasi zake za maswali ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amewahoji akina mama sitini na wawili, kitanda kwa kitanda, kuhusu kwa nini walichelewa kufika hospitali kujifungua. Wengine walikuwa wamerudi nyumbani bila mtoto. Yeye alisoma, Mama Chapa akachapa, na pamoja wakatengeneza majedwali, wakihesabu kwa sauti: waliokosa usafiri, waliokosa ruhusa ya mume, waliofukuzwa mapokezi kwa kukosa kadi.

"Huyu wa arobaini na nane," Nesi alisema siku moja, "mume alikwenda kutafuta ruhusa kwa mama yake. Mama yake alikuwa sokoni."

"Nichape hivyo hivyo?"

"Chapa hivyo hivyo."

Ilikuwa mara ya pili kwa Nesi kufika mwaka wa mwisho. Mara ya kwanza mwanawe aliumwa, ripoti ikachelewa, akarudishwa. Chuo hakirudishi mtu mara mbili. Ripoti isipofika Jumanne saa sita mchana, jina linafutwa, na yeye anarudi kwenye fagio.

Kila Ijumaa Mama Chapa alinakili kazi zote kwenye flashi yake moja, ya leo juu ya ya juzi, kwa jina lile lile, kama alivyofundishwa chuoni: mtu mwenye nakala nyingi hajui ipi ni ya kweli. Akaitia flashi kwenye pochi, pamoja na ufunguo wa kufuli.

 

Jumatatu saa saba mchana Nesi alikuja amevaa sare iliyopigwa pasi, na karatasi za jalada za rangi ya bluu alizonunua mwenyewe. Siku ya kutoa nakala. Mama Chapa alifungua faili.

Kurasa ishirini na moja za mwanzo zilikuwa sawa. Ya ishirini na mbili ilianza na sentensi ya Nesi na kuishia na visanduku vitupu, mstari juu ya mstari, na katikati yake, bila sababu, nusu ya orodha ya vinywaji vya harusi ya mteja mwingine. Majedwali hayakuwapo. Sura ya nne haikuwapo. Chini ya meza kitu kiligonga. Tik, tik, tik.

"Ngoja," alisema Mama Chapa. "Flashi ipo."

Akaichomeka. Faili la Ijumaa likafunguka: kurasa ishirini na moja, halafu visanduku, halafu soda kreti sita. Ugonjwa ulikuwa umenakiliwa ukiwa ndani, na nakala ya Ijumaa iliyotangulia ilikuwa imefunikwa na hii kwa mikono yake mwenyewe.

Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele jambo likiwa kubwa. Kelele zake zilikuwa za mambo madogo.

"Bwana," aliita.

Mumewe alitoka chumbani na vyeti vyake mkononi. Alikuwa anavitia kwenye bahasha kwa ajili ya Alhamisi. Alitazama skrini. Akainama, akasikiliza, akainuka.

"Inatengenezeka?" mkewe aliuliza.

"Kuna programu za kuokoa..."

"Hiyo sura inarudi, hairudi?"

"Kwa diski hii? Hairudi."

Nesi alikuwa bado ameshika karatasi zake za bluu. "Si tuliandika?" alisema. "Mama Chapa, si tuliandika yote?"

"Tuliandika."

"Sasa iko wapi?"

Mama Chapa alikuwa anafikiri, na akifikiri alifikiri kwa mpangilio. "Hii ilikuwa inajikagua kila siku," alimwambia mumewe. "Mwezi mzima. Siku moja ikaacha. Ulifanya nini siku ile?"

"Nilirekebisha mipangilio."

"Mipangilio gani?"

"Mke wangu, tusizungumze haya mbele ya..."

"Ni yake. Atasikia. Mipangilio gani?"

Mume aliitazama bahasha. "Niliiambia isijikague."

"Uliiambia isijikague."

"Ikiwashwa. Ndiyo."

"Na diski ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa inaanza kuharibika. Nilidhani itafika mwisho wa mwezi. Nilidhani..."

"Ulijua."

"Nilijua."

Nesi alikaa kwenye benchi. Akacheka mara moja, kicheko kikavu, akaziba mdomo. "Wiki tatu," alisema. "Mnaniuliza nimekula, sijala. Mnanipa chai. Na mimi nawasomea wafu wangu hapa, mnawaandika kwenye kitu kinachokufa."

Mlangoni pa jikoni bibi alikuwa amesimama na mwiko. Alikuwa amesikia yote.

 

Nesi alimpigia simu msimamizi wake, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Msimamizi alikuwa mwanamume aliyechoka.

"Umeme, virusi na kompyuta kuibiwa si sababu," alisema kabla hajamaliza kumsikiliza. "Imebandikwa ubaoni. Mwaka jana wanafunzi tisa walikatikiwa umeme usiku mmoja, na umeme haukukatika."

"Si umeme, mwalimu. Ni diski, mchapaji wangu..."

"Basi alete barua. Nini kilitokea, nani alisababisha, jina kamili, sahihi. Nikiona kwamba kosa si lako, kamati inaweza kukupa wiki mbili. Ila barua ifike dirishani kwa karani leo kabla ya saa tisa. Kesho kamati haikai."

Simu ikakatika. Wiki mbili zingetosha. Karatasi zote sitini na mbili zilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki. Kilichopotea ni kazi, si maneno ya wale akina mama.

"Naandika," alisema Mama Chapa, akavuta kiti upande wa meza usio na kompyuta.

"Ngoja," alisema mumewe. "Subiri kwanza. Jina kamili la nani?"

"La aliyesababisha. Umesikia."

"Usaili wangu ni Alhamisi, mke wangu." Aliinua bahasha kana kwamba mkewe hakuwa ameiona. "Siku tatu tu zimebaki. Chuo ni hicho hicho. Ofisi ni hiyo hiyo. Nikiandikwa leo kwamba nilinyamazisha diski mbovu, Alhamisi nitakwenda kuwaambia nini? Nipeni na kompyuta zenu mia moja?"

"Hukuniambia ni chuo hiki."

"Nilitaka nikuletee ikiwa imekamilika."

"Kila kitu unataka kuniletea kikiwa kimekamilika."

"Miezi kumi na minane nimekaa kwenye kochi hili!"

"Najua. Mimi ndiye niliyelisukuma."

"Andika diski ilikufa tu. Diski zinakufa. Si uongo."

"Atauliza nani alijua."

"Nani atamwambia?"

Nesi aliinua kichwa, akamtazama. Mume akageuza macho kwenye ukuta, kwenye orodha ya bei.

Bibi akaingia sebuleni. Hakuwa na kawaida ya kuingia kukiwa na wateja. Aliweka mwiko juu ya printa, akajifunga kanga upya.

"Andikeni ni mimi," alisema.

"Mama?"

"Andikeni kuna bibi kizee katika nyumba hii anaogopa radi. Anazima umeme hovyo, kila siku, ameambiwa hasikii, mpaka wamemfungia kufuli. Kompyuta imekufa kwa ajili yake. Wekeni jina langu, nitatia kidole. Mimi sina kazi ya kunyimwa." Akamgeukia mwanawe. "Tena si umeshawaambia watu ni mimi? Itakuwa neno lile lile, limeandikwa tu."

Mume aliinua uso. Haikuchukua muda, labda muda wa kupepesa jicho mara mbili, lakini Mama Chapa alikuwa anamtazama yeye, si bibi, na alichokiona kwenye uso ule kilikuwa nafuu. Mabega yalishuka. Mdomo ulifunguka kama wa mtu aliyetolewa mfupa kooni.

"Inawezekana," mume alisema polepole. "Kiufundi, inawezekana. Kukata umeme kunaharibu diski."

Mama Chapa alikuwa ameoa, kama walivyomtania ndugu zake siku ya harusi, mwanamume mpole. Miaka kumi na mitatu alikuwa akiusifia upole ule kwa watu. Sasa aliona ulikwenda mpaka wapi, na ulikuwa umeishia juu ya kichwa cha mama mzazi.

"Mama," alimwambia bibi, "nimekukosea. Mwezi mzima."

"Andika kwanza," alisema bibi. "Hayo mengine yatakuwepo."

"Naandika. Lakini si hiyo."

Akachukua karatasi moja kutoka kwenye rimu. Miaka mingi hakuwa ameandika barua kwa mkono na herufi zake zilikuwa kubwa, zimesimama, kama za mwanafunzi. Aliandika bila kufuta. Alipomaliza aliisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa kila mteja.

"Ripoti ya mwanafunzi huyu imeharibika kwenye kompyuta yangu, ninayoitumia kwa biashara. Diski ya kompyuta ilikuwa mbovu. Mume wangu, ambaye ndiye fundi wake, alijua kwamba ni mbovu, akazima ukaguzi wa diski ili kompyuta iwake haraka, na hakuniambia mimi wala mwanafunzi. Mimi niliona imeacha kujikagua ghafla, nikafurahi, sikuuliza. Umeme haukuhusika. Hakuna mtu mwingine katika nyumba yetu aliyehusika. Mwanafunzi hana kosa. Majina yetu kamili na sahihi."

Akaandika majina, lake na la mumewe, akatia sahihi. Kisha akaigeuza karatasi na kumsogezea kalamu.

"Weka yako."

"Siwezi."

"Unaweza. Ni jina lako tu."

"Ukiipeleka hiyo, hata wewe umekwisha. Nani wa chuo ataleta kazi hapa? Watoto watakula nini?"

"Sijui," alisema. "Kesho nitajua. Weka sahihi, Fundi."

Alisema Fundi bila kukusudia, na wote wawili walilisikia. Mume aliishika kalamu. Aliishika muda mrefu, ncha juu ya mstari, huku bibi akimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani akila dawa. Kisha akailaza mezani, taratibu, sambamba na karatasi, akakaa kwenye kochi na bahasha yake mapajani.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Mama Chapa akaikunja barua mara moja.

"Twende," alimwambia Nesi.

 

Dirisha la karani lilikuwa mwishoni mwa korido iliyonuka dawa ya kusafishia sakafu. Kulikuwa na watu wanne mbele yao, mmoja akibishania picha za kitambulisho. Nesi alisimama nyuma.

Zamu yao ilipofika, karani, mwanamke wa rika la Mama Chapa, alivaa miwani, akasoma barua kwa midomo. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena. Akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye kabrasha lililokuwa kando yake, akaziweka pamoja.

"Dada," alisema, sauti ameishusha, "huyu mumeo uliyemtaja hapa. Jina kama hili ninalo kwenye orodha ya usaili wa Alhamisi."

"Ndiyo."

"Sauti yangu ndiyo aliyoisikia siku nilipompigia. Aliniita mama mara mbili." Akaangalia nyuma ya bega la Mama Chapa, akaona foleni, akainamia tundu la kioo. "Sahihi yake haipo. Chukua karatasi hapa, uandike upya. Andika fundi tu, usitaje jina. Kamati watanung'unika, lakini wakati mwingine wanapokea."

"Wakati mwingine?"

"Wakati mwingine."

Mama Chapa aligeuka. Nesi alikuwa anatazama viatu vyake, vyeupe, vilivyopakwa chokaa pale palipochubuka. Hakuinua kichwa. Hakutaka kuonekana anaomba.

"Ndiye yeye," Mama Chapa alimwambia karani. "Gonga muhuri."

"Una uhakika, dada?"

"Gonga."

Karani aligonga, akaandika saa pembeni: nane na dakika arobaini na tano. Akaipitisha barua kwenye mashine ya nakala. Ile halisi akaitia kwenye faili la mwanafunzi. Nakala akaiweka juu ya kabrasha la Alhamisi, akavua miwani, akaita anayefuata.